Shukrani kwa mama wa Langoni

Tukivuka kutoka Mokowe kuja Amu (Lamu), wimbi liliingia botini likalowesha picha za darasa la marehemu baba. Nilikuwa nazipeleka shule ya wavulana aliyosoma, zitundikwe ukutani. Ziligandana, nikaanza kuzibandua kwa kucha.

Mama mmoja akanishika mkono: "Wacha, mwanangu, utazichana." Akanichukua kwake, mtaa wa Langoni, akazitia katika beseni la maji matamu zitoke chumvi, akazitenganisha mojamoja, akazilaza juu ya kanga, uso juu, kivulini. Kivulini, si juani! Akakaa nazo mpaka alasiri. Zimepona zote ila ya timu ya mpira, iliyopoteza pembe.

Pesa alikataa, jina hakunitajia. Mama, ahsante sana. Sura ya baba ingali yaonekana.