Shukrani kwa mama muuguzi wa kwenye foleni

Mama, shikamoo. Jina lako sikulipata, ila wapo wanaokufahamu hapa Tanga, basi salamu hizi zikufikie.

Ulikaa kando yangu kliniki ya watoto, ukaniuliza kama presha ilinisumbua nikiwa mjamzito. Nikakujibu ilipanda, mkojo ukakutwa na protini, lakini nilipojifungua ikashuka. Wengi wetu huambiwa hapo yamekwisha. Wewe ukanieleza kwa upole kwamba mwanamke aliyepitia hali kama yangu, yaani dalili za kifafa cha mimba, ana uwezekano wa karibu mara 2 wa kupata ugonjwa wa moyo au kiharusi baadaye, na wa moyo kushindwa kufanya kazi karibu mara 4. Hatari hiyo humfuata miaka mingi, hata akijiona mzima. Ukanisihi nipime presha kila mwaka, pamoja na sukari na mafuta kwenye damu, na kila daktari nimtajie ile mimba, hata nikienda kwa jambo lingine. Hilo la mwisho sikuwahi kulisikia kokote.

Nilipima presha, ikawa juu. Wakarudia siku nyingine, bado ilizidi 140 kwa 90, na wala kichwa hakikuwa kikiniuma! Sasa natumia dawa, chumvi nimepunguza, na jioni natembea na mdogo wangu hadi Raskazone. Naye ni mjamzito; kadi yake ya kliniki naikagua mimi.

Allah akulipe kheri, mama. Ukinisikia, nijulishe ulipo, nije nikusalimie na mtoto.