Feni Kubwa Haiondoi Kosa: Shisha Ndani ya Mgahawa na Sheria ya Moshi

Wenye migahawa na kumbi za shisha wanaotupigia simu huja na ombi moja: mkaguzi amepita, ameacha barua, kwa hiyo tuwafungie feni kubwa ya kuvuta moshi, tena haraka. Feni na mifereji ya hewa ndiyo kazi inayotulisha. Tungeweza kupima dari, kuandika ankara na kuondoka. Badala yake tunauliza kwanza: chumba hicho kina kuta ngapi, na zimeziba kiasi gani? Maana penye sheria ya kutovuta ndani, mara nyingi mkaguzi hana habari na nguvu ya feni yako. Anatazama paa na kuta.

Sheria hizi hazikuwekwa hivyo kwa ukaidi. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku ulianza kutumika mwaka 2005 na umeridhiwa na zaidi ya nchi 180. Miongozo ya kifungu chake cha 8, iliyopitishwa mwaka 2007, inasema wazi kwamba kupitisha hewa, kuichuja au kutenga chumba cha wavutaji hakumkingi mtu na moshi. Sisi mafundi tunajua kwa nini. Feni hupunguza moshi, haiumalizi, na aliyekaa kiti cha pili ameshauvuta kabla haujafika kwenye tundu la dari. Kiyoyozi cha ukutani ndiyo kabisa: kazi yake ni kupoza hewa ileile na kuirudisha mezani.

Turudi kwenye kuta. Kanuni ya England, iliyoanza tarehe 1 Julai 2007, ni mfano mzuri kwa sababu unaweza kuikagua mwenyewe kwa futi kamba. Eneo lenye paa likiwa na uwazi wa kudumu usiofika nusu ya eneo la kuta zote, linahesabiwa kuwa la ndani. Milango na madirisha yanayoweza kufungwa hayamo kwenye hesabu ya uwazi, hata ukiyaacha wazi usiku kucha. Turubai la kukunja, likishatandazwa juu, ni paa.

Chukua ukumbi wa mita 10 kwa 6, kuta zikiwa na kimo cha mita 3. Eneo la kuta ni mita za mraba 96, nusu yake 48. Kwa hiyo ukuta mmoja mrefu na mmoja mfupi inabidi viondoke kabisa, visibaki hata na pazia la plastiki la kuzuia mvua. Mwenye ukumbi anayetuambia "mbona tumefungua madirisha yote" yuko mbali sana na hapo. Nchi nyingine zina vipimo vyake, na kuna miji inayodai pia umbali fulani kutoka mlangoni, kwa hiyo soma kanuni ya kwako kabla hujabomoa chochote. Pengine hakuna cha kupima hata kidogo: Kenya na Rwanda zilitangaza marufuku ya shisha yenyewe Desemba 2017.

Swali linalofuata huwa ni lile la shisha isiyo na tumbaku. Ziko sheria zinazotaja tumbaku peke yake, na ziko zinazokataza kuvuta kitu chochote kilichowashwa. Ya England ni ya aina hii ya pili. Lakini hata pale sheria inapokuachia mwanya, mkaa haukuachii. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayong'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Majani ya mnanaa juu ya bakuli la shisha hayabadilishi lolote.

Na anayeumia zaidi si lazima awe mteja. Mteja anavuta, pengine saa nzima, kisha anakwenda zake. Kijana wa mkaa yupo zamu nzima. Anainama juu ya jiko kwenye kistoo cha nyuma kisicho na dirisha, anapuliza vidonge vya mkaa mpaka viwe vyekundu, anavibeba kwa koleo meza hadi meza, anarudi kuwasha vingine. Usiku ukienda anashika kichwa, anasikia kichefuchefu, anasema ni uchovu. Kipima kaboni monoksaidi cha kwanza tunakifunga hapo, kwenye kistoo. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa wastani wa saa 8 ni miligramu 10 kwa mita moja ya ujazo, na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa halihitaji muda mrefu kukivuka.

Hapa ndipo feni ina kazi ya halali. Bora jiko lihamie nje. Likishindikana, tunaweka kofia ya kuvuta hewa juu yake na bomba linalotoka hadi juu ya paa, pamoja na tundu la kuingiza hewa safi. Tundu hilo ndilo watu hulikataa, wakidhani tunaongeza gharama. Bila hilo, feni hutafuta hewa popote inapoipata, na inaweza kuvuta moshi wa jiko la chakula urudi chini kupitia bomba lake lenyewe.

Yaliyobaki ni ya wafanyakazi wako, na hayahitaji fundi. Visahani vya majivu viondoke kwenye meza zote za ndani, kwa sababu mkaguzi akiviona atashuku hata kabla hajamwona mvutaji. Mhudumu awe na maneno tayari: "Samahani kaka, ndani hatuvuti. Meza ya nje ipo, nikuhamishie na kinywaji chako?" Akikataa, aitwe meneja, mhudumu asibishane naye. Na wewe mwenye mali usimwagize mhudumu huyohuyo ampelekee rafiki yako bomba la shisha kwenye kona ya ndani. Sehemu nyingi sheria humbana msimamizi wa eneo pamoja na aliyevuta, na kisingizio cha "sikujua" hakisimami ikiwa mkaa umetoka jikoni kwako.

Ukitaka tuje, tutumie kwanza urefu, upana na kimo cha ukumbi, picha ya kila ukuta na ya paa kutokea nje, na nakala ya barua ya mkaguzi kama unayo. Tukiona kwamba eneo lako la shisha haliwezi kuhesabika kuwa la nje bila kubomoa ukuta, tutakuambia kwa simu, na hutalipia safari.