Mwajiri ndani ya simu: Ulaya 2024, sisi 2004

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Habari za vijana wa Ulaya na teknolojia zinapoandikwa kwetu huja kwa sura moja: wenzetu wamesoma kompyuta, sasa kazi zinawafuata majumbani. Kazi hizo zipo. Lakini kijana wa Madrid anayepeleka chakula kwa baiskeli, begi la mraba mgongoni, hajafuatwa na kitu. Yeye ndiye anayeifukuzia programu ya simu.

Programu ndiyo inayomgawia oda, inapanga ujira wa safari, inahesabu amekataa mara ngapi na wateja wamempa nyota ngapi. Akisubiri nusu saa mgahawani chakula kiive, mara nyingi muda huo haulipwi. Mteja akikasirika kwa kucheleweshewa, nyota zinazopungua ni za mwenye baiskeli, si za mpishi. Nyota zikishuka, oda zinahamia kwa mwenzake. Siku nyingine anawasha simu anakuta akaunti imefungwa, na anayemjibu ni mashine. Tena mkataba alioubofya "nakubali" bila kuusoma unasema yeye ni mfanyabiashara anayejitegemea, kwa hiyo mambo ya likizo na kiinua mgongo asiulize.

Vijana hawa na kampuni zao wakabishana miaka. Februari 19, 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika kesi ya madereva wa Uber, ilisema linaloangaliwa ni kazi inavyofanyika, si maneno ambayo kampuni imeyaandika kwenye mkataba wake. Mwaka huohuo Hispania ilitunga sheria ya kuwahesabu wapeleka chakula kuwa waajiriwa. Kampuni ya kupeleka chakula ya Deliveroo ikafunga virago huko, mwenzake Glovo ikang'ang'ania mfumo wa zamani hadi Desemba 2024 ilipotangaza kuwa itawaajiri. Kamisheni ya Ulaya ilikadiria watu milioni 28 wanafanya kazi kwa njia ya majukwaa ya mtandaoni, na kwamba huenda milioni 5.5 kati yao wameitwa wanaojitegemea ilhali sivyo. Ndipo yakaja Maelekezo namba 2024/2831 ya Umoja wa Ulaya, yaliyoanza kutumika Desemba 1, 2024, na nchi wanachama zikapewa hadi Desemba 2, 2026 kuyaingiza katika sheria zao. Kiini chake: ukionekana unaongozwa na kusimamiwa, unachukuliwa kuwa umeajiriwa, na kampuni ndiyo yenye mzigo wa kuthibitisha vinginevyo. Akaunti haifungwi kwa uamuzi wa mashine peke yake, lazima awepo binadamu. Na kuchungulia mazungumzo binafsi ya mfanyakazi ni marufuku.

Watu wakasema Ulaya wametangulia. Hapo ndipo ninapotaka kubisha.

Sheria yetu hapa Tanzania ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka 2004, ilipotungwa ilibeba kifungu cha 61. Kinasema anayemfanyia mwingine kazi atachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitike vinginevyo, hata mkataba uwe wa namna gani, ikiwepo dalili moja tu kati ya saba. Moja, jamani, si zote. Kwamba unaelekezwa namna ya kufanya kazi. Kwamba saa zako zinapangwa na mwingine. Kwamba wewe ni sehemu ya taasisi yake. Kwamba riziki yako inamtegemea. Kwamba vifaa ni vyake. Kwamba unamfanyia yeye peke yake. Au kwamba umemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Saa 45 hizo ni za mwezi, zisichanganywe na saa 45 za wiki ambazo ndizo kikomo cha kazi ya kawaida. Kwa siku 26 za kazi, ni chini ya saa mbili kwa siku.

Sasa tuje Mtwara. Kazi ya kidijitali iliyoajiri vijana wengi hapa haihitaji baiskeli. Ni kile kibanda cha uwakala wa fedha pale stendi, sokoni, na kila njia panda hadi Masasi. Binti anafungua saa 1 asubuhi, anafunga saa 2 usiku. Hizo ni saa 13, wakati sheria inaishia 12 kwa siku hata ukijumlisha za ziada. Simu ni ya tajiri, laini ni ya tajiri, floti, yaani fedha ya kuendeshea miamala, ni ya tajiri, kibanda pia. Anapewa mgawo wa kamisheni, na anaambiwa "wewe hujaajiriwa, tunagawana tu". Katika zile dalili saba, huyu anazo karibu zote.

Balaa lake ni upungufu. Msimu wa korosho malipo yakishaingia, foleni inafika barabarani, anatuma kwa namba iliyokosewa tarakimu moja, jioni hesabu inapungua Sh80,000. Tajiri anazikata zote palepale. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, hairuhusu hivyo: hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi, sababu na hesabu yake viandikwe, mfanyakazi apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya ujira wake. Kama mwezi huo anapata Sh120,000, kisichozidi Sh30,000 ndicho kinachokatwa.

Bodaboda anayepeleka hesabu kwa mwenye pikipiki na kujitafutia abiria mwenyewe, kesi yake ni ngumu zaidi. Upande wa pili unaweza kudai amekodi tu, na ukasikilizwa. Lakini yule anayepokea oda za duka moja la dawa kwenye kundi la WhatsApp, anayeambiwa aende wapi na afike saa ngapi, huyo asidanganywe na neno "kujitegemea".

Kinachowaangusha wengi ni ushahidi. Daftari la kawaida linatosha: tarehe, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, kiasi ulicholipwa, kiasi kilichokatwa na sababu uliyopewa. Ujumbe wa maelekezo upigwe skrinishoti inayoonyesha namba na tarehe. Malipo yakipita kwenye simu, chukua taarifa ya miamala ya miezi mitatu. Mgogoro hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa kujaza fomu namba 1, na nakala apewe mwajiri. Ukiachishwa una siku 30. Madai mengine, kama makato na mishahara, siku 60. Zikipita, unaanza kwanza kuomba kuongezewa muda na kueleza kila siku uliyochelewa, kazi ambayo ni kubwa kuliko shauri lenyewe.

Na kwa wa kwenye vibanda: simu ikiwa ni ya tajiri, kumbukumbu zote zinaondoka nayo siku anapoichukua. Andika daftari lako jioni ileile, na ulale nalo nyumbani.

Msomaji wako,
Shangani, Mtwara