Mstari mweupe si kifo cha kioo cha televisheni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji aliyeandika wiki iliyopita kuhusu televisheni ya kichogo aliyoachiwa na marehemu baba yake, ambayo anataka kuifufua lakini fundi wa kwanza aliyeipokea amemwambia kwamba kioo kimekufa. Msomaji huyo alieleza kuwa seti ikiwashwa sauti inatoka vizuri, ila picha yote imejikusanya ikawa mstari mmoja mweupe uliolala katikati ya kioo. Kwa maelezo hayo, hukumu ya fundi haiwezi kuwa sahihi, na naona ni wajibu kueleza sababu zake, kwani seti nyingi njema zimeishia jaani kwa hukumu za namna hiyo.

Kioo kilichokufa hakitoi mwanga. Ili mstari ule uonekane, ni lazima uzi wa joto ulio shingoni mwa kioo, yaani sehemu yake nyembamba ya nyuma, uwe unawaka, volti kubwa iwe inafika, na mwale wa elektroni uwe unaupiga unga ung'aao uliopakwa upande wa ndani wa kioo. Tena, mstari ukitanda kutoka kushoto hadi kulia, maana yake ni kwamba sehemu inayousukuma mwale kwa ulalo nayo ni nzima, na ndiyo hiyohiyo inayoiendesha transfoma ya volti kubwa ambayo mafundi huiita flaibaki. Kilichosimama ni usukumaji wa kwenda juu na chini peke yake. Katika PAL, mfumo wa televisheni ya rangi uliotumika kwetu, picha moja ina mistari 625 na hurudiwa mara 25 kila sekunde, na hapa mistari yote inachorwa mahali pamoja. Kwa hiyo namsihi apunguze mwangaza mara moja, au aizime kabisa seti, kabla mstari huo haujauunguza unga na kuacha alama isiyofutika. Hapo ndipo kioo kitakuwa kimeharibika kweli.

Ugonjwa wenyewe mara nyingi uko kwenye bodi. Atafute IC (kipande kimoja chenye sakiti nzima ndani yake) au transista ya usukumaji wa wima, ambayo kwa kawaida imefungwa kwenye bati la kupoozea joto, kisha aigeuze bodi na kuikagua risasi ya kulehemia kwa lenzi chini ya mwanga mkali. Pale ambapo miguu hupata joto na kupoa kila siku kwa miaka mingi, risasi hupasuka ufa mwembamba wa duara kuuzunguka mguu, ufa ambao jicho tupu huuruka kwa urahisi. Kulehemu upya miguu hiyo, pamoja na ile ya flaibaki na ya plagi ya koili za shingoni zinazousukuma mwale, kunarudisha picha katika seti nyingi bila kununua kifaa hata kimoja. Picha ikirudi lakini imefupika juu au imejikunja chini, basi kapasita za sehemu hiyo, yaani vifaa vidogo vya kutunza chaji ya umeme, zimekauka. Kapasita iliyovimba kichwani au yenye ukoko wa kahawia miguuni inajitangaza yenyewe, lakini nyingine hufa ikiwa na sura nzuri, na hiyo ni mita tu itakayoifichua.

Ninachotaka vijana wanaojifunza kazi hii wakishike ni kwamba picha mbovu husomwa kwanza, bisibisi baadaye. Mikanda ya giza inayopanda polepole kwenye kioo inaelekeza kwenye kapasita kubwa ya umeme wa kuingilia: kwa umeme wetu wa hetsi 50, mkanda mmoja hutokana na seti inayogeuza umeme wa AC kuwa DC kwa nusu wimbi, na mikanda miwili hutokana na ile inayotumia wimbi zima, kwa hiyo hata idadi ya mikanda ina habari. Kioo kikiwa cha njano, rangi ya buluu imekosekana. Kikiwa cha zambarau nyekundu, kijani imekosekana. Kabla ya kukilaumu kioo, fundi abadilishane njia mbili za rangi kwenye bodi ya shingoni aone kama kasoro inahama. Ikihama, kioo ni kizima na tatizo liko nyuma yake. Mabaka ya rangi pembeni mara nyingi ni sumaku tu, labda ya spika iliyowekwa karibu, au koili ya kuondolea sumaku imeacha kufanya kazi.

Kioo kilichochoka kweli kina dalili zake: picha hafifu inayochukua muda mrefu kupata nguvu, na sehemu nyeupe zinazogeuka kama fedha mwangaza ukiongezwa. Kukifufua kwa kukipandishia volti ni hatua ya mwisho kabisa, kwa sababu humaliza vioo vingine papo hapo.

Kuna jambo la chenga pia. Dar es Salaam ilizimiwa matangazo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, na maeneo mengine yakafuata, kwa hiyo seti ya zamani iliyounganishwa na antena peke yake itaonyesha chenga hata ikiwa nzima kabisa. Ipimwe kwa king'amuzi, na kama haina tundu jingine ila la antena, kitafutwe kifaa cha kugeuza mawimbi kinachotoa chaneli ya analojia.

Namwomba pia msomaji asifanye kazi hii peke yake kama hajafundishwa. Kioo cha rangi hutunza volti zinazokaribia 25,000 hata baada ya waya kuchomolewa ukutani, na katika seti nyingi za zamani bati lote la ndani limeungwa moja kwa moja na umeme wa nyumba, hivyo transfoma ya kutenganisha ni lazima. Seti iliyolala stoo miaka mingi isiwashwe ghafla. Ipitishiwe kwanza balbu ya nyuzi iliyofungwa kwa mfululizo. Kwetu pwani, chumvi na unyevu huingia kwenye kofia ya mpira inayopeleka volti kubwa kwenye kioo na kuzua cheche, kwa hiyo usafi wa hapo hutangulia vipimo vyote.

Haya nayaandika kwa uchungu kwa sababu Zanzibar ilianza kurusha televisheni ya rangi mwaka 1973, wakati Tanzania Bara ilisubiri hadi miaka ya 1990, na seti za miaka ile zilizobaki majumbani ni ushahidi wa historia hiyo. Pia kioo cha televisheni hizo kina madini ya risasi, na kukivunja jalalani ni kuitia sumu ardhi yetu.

Mwisho, wako wenzetu wanaofunga maduka ya wazee wao waliokuwa mafundi. Michoro ya sakiti iliyomo kwenye makabati hayo haichapishwi tena. Nawaomba wasiiuze kwa kilo kwa wafungaji wa karanga, bali waipeleke kwenye chuo cha ufundi kilicho karibu au waipige picha ukurasa kwa ukurasa, kwa kuwa bila mchoro hata fundi mwangalifu hulazimika kubahatisha thamani ya rezista iliyoungua.

Wako mtiifu,
Fundi wa televisheni,
Ng'ambo, Unguja