Pamba, tetroni na jasho la kaskazi

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu, kwa heshima zote, msomaji mwenzangu aliyeandika hivi karibuni akitutaka Wazanzibari tuziache kabisa nguo za poliesta na nailoni turejee kwenye pamba, kwa hoja kwamba kitu cha asili hakimdhuru mtu na kilichotoka kiwandani hakimfai. Mimi ni fundi cherehani hapa Wete, na huu ni mwaka wa ishirini na saba nikiwa nimekaa nyuma ya mashine. Kwa nguo za mchana wa kaskazi nipo pamoja naye. Kwa nguo za baridi, na kwa nguo za mtu anayefanya kazi majini, naona ushauri wake unaweza kumtia mtu maradhini.

Nianze na lile tunalokubaliana. Mwaka juzi, mwezi wa Januari, alinijia kijana aliyekuwa anaoa, akataka kanzu ya melimeli. Melimeli halisi ni pamba nyepesi iliyofumwa kwa uzi mwembamba, na siku hizi haipatikani kwa urahisi, kwa hivyo niliagiza jora kwa muuza vitambaa mmoja wa Unguja ambaye sitamtaja. Lilikuja jora jeupe, laini, la kupendeza, na mwenyewe aliniapia kuwa ni pamba tupu. Nikakata, nikashona, nikamaliza darizi ya shingoni. Usiku wa kuamkia siku ya nikahi umeme haukuwepo, nikatia mkaa kwenye pasi, nikaisubiri ipate moto wa kutosha pamba, nikaipitisha kwenye pindo. Pasi ikanata. Nilipoinyanyua iliacha alama ya kung'aa yenye umbo la ncha yake, kama kwamba konokono amepita pale, na harufu iliyonijia haikuwa ya nguo iliyoungua bali ya mfuko wa plastiki. Nililikata pindo lile, kanzu ikapungua vidole viwili, na bwana harusi akaenda nayo hivyo hivyo. Alipotoka msikitini imemganda mgongoni mpaka fulana ya ndani inahesabika mishono.

Kilichomtesa kijana yule kina maelezo mepesi. Mwili hujipoza kwa jasho linapokauka juu ya ngozi, lakini hewa yetu ya visiwani, hasa kaskazi inapokaribia kumalizika na masika yanapobisha hodi, yenyewe imejaa unyevu, kwa hivyo jasho hukauka kwa taabu. Uzi wa pamba hunywa maji. Hata ukiwa mkavu kabisa machoni, huwa umebeba unyevu wa hewani wa kiasi cha asilimia 8 ya uzito wake, na ukikutana na jasho hulivuta kutoka kwenye ngozi na kulitandaza. Uzi wa poliesta unyevu wake haufiki hata asilimia 1. Hauna nafasi ya maji ndani yake, kwa hivyo jasho hubaki pale lilipotoka, kati ya nguo na mgongo. Mtu aliyekaa kitako msikitini, ofisini au kwenye daladala, asiye na upepo, atalihisi jambo hili ndani ya robo saa.

Hata hivyo, tusiuangalie uzi peke yake. Ufumaji na ukataji una nguvu sawa na uzi. Suruali ya jinzi ni pamba, na sijamwona mtu aliyeburudika nayo saa nane mchana pale Chake Chake. Fulana za mpira wanazovaa vijana ni poliesta, lakini zimefumwa kwa vitundu, ni nyepesi, na mchezaji anakimbia, upepo unampitia, jasho linatandazika na kukauka hapo hapo. Kanzu pana ya tetroni, ile iliyochanganywa poliesta na pamba, inaweza kumpa mtu raha kuliko kanzu ya pamba iliyombana kwapani. Wazee wetu walilijua jambo hili bila ya kipimo chochote: walikuwa na doria na melimeli za kutokea, bafta ya kazi nyingi, kaniki na marikani ya shamba, na kila kitambaa kilikuwa na saa yake. Marikani hiyo, kwa wasiojua, imechukua jina kwa Wamarekani, kwa sababu ililetwa hapa na meli za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, hasa baada ya mkataba ambao Sayyid Said alifunga na Marekani mwaka 1833. Nayo ilitoka viwandani. Ndiyo maana hainiingii akilini hoja ya kuwa kitu cha kiwandani hakimfai mtu, maana pamba ya viwanda vya ng'ambo tumeivaa visiwani humu kwa karibu miaka 200.

Tetroni ni mgeni wa juzi. Poliesta ya nguo iligunduliwa Uingereza mwaka 1941 na wanakemia wawili, Whinfield na Dickson, na malighafi yake hutokana na mafuta ya petroli; jina la tetroni tumelitohoa kutoka kwenye nembo ya Kijapani, Tetoron. Iliposhuka kwetu, akina mama waliipenda kwa sababu ambayo msomaji mwenzangu hakuigusa hata kidogo, nayo ni pasi. Mama mwenye watoto watano wa skuli na pasi moja ya mkaa hawezi kuambiwa anyooshe mashati matano ya pamba kila usiku. Shati la pamba hukunjamana likianikwa, hukunjamana likivaliwa, na hufifia rangi mapema. Shati lenye mchanganyiko, mara nyingi poliesta 65 kwa pamba 35, hukauka upesi, hunyooka kwa mkono na humfika mdogo wake aliyemfuatia. Kumwita mama huyo mjinga ni kutomtendea haki.

Hapa niseme neno dogo kuhusu hariri, kwa kuwa wateja huniuliza kila inapokaribia Sikukuu kama kanzu inayong'aa inamjuzia mwanamume. Mimi si shekhe na fatwa si kazi yangu, ila ninachoweza kuwaambia kama fundi ni kwamba vingi vinavyoitwa hariri madukani mwetu ni poliesta au rayoni, na hakuna kiwavi wa nondo aliyevitolea uzi. Rayoni nayo ina mambo yake: asili yake ni miti, iliyoyeyushwa kwa dawa na kugeuzwa uzi, hunywa jasho vizuri kama pamba, lakini ikilowa hudhoofika, kwa hivyo usiisugue wala kuikamua kwa nguvu. Pamba kinyume chake, ikilowa uzi wake huongezeka nguvu, na ndiyo maana kanga ya zamani ilistahimili kupigwa juu ya jiwe miaka na miaka.

Na nikiitaja kanga, siku hizi zipo za poliesta zilizopigwa chapa nzuri mno, rangi kali, bei rahisi, jina zuri pale chini. Dada yangu alipewa doti moja kama hiyo alipojifungua. Akamkausha mtoto baada ya kumkosha, maji yakasogea tu kutoka mgongoni kwenda ubavuni. Akaitundika dirishani kama pazia, na hapo ndipo mahali pake.

Sasa nije kwenye baridi, ambako ndiko ninakokhitalifiana na mwandishi yule kabisa. Wengi watacheka: baridi gani Pemba? Lakini aliyesafiri usiku juu ya sitaha kutoka bandari ya Malindi, Unguja, kuja Wete wakati wa kipupwe, au aliyekesha na wavuvi wa dagaa wa Tumbe usiku wa giza, kusi linapiga na rasharasha za mawimbi zinaingia chomboni, hatacheka. Wavuvi hao huvaa jaketi za mitumba zenye manyoya manyoya ya poliesta. Mzee mmoja niliyemrekebishia zipu ya jaketi lake nilimuuliza kwa nini hataki sweta zito la pamba nililokuwa nalo dukani. Akanijibu, "Pamba ikilowa, mwanangu, unakuwa umeivaa bahari." Yule mzee hakusoma fizikia, lakini amesema kweli tupu. Kinachompasha mtu joto ni hewa iliyonaswa baina ya nyuzi. Pamba ikinywa maji nyuzi zake hulala, hewa hutoka, maji hukaa mahali pake, na maji huondoa joto mwilini mara 25 hivi kuliko hewa tulivu. Manyoya ya poliesta hayanywi maji. Ukiyakung'uta husimama tena na hewa hurudi. Lile lile lililomtesa bwana harusi Januari ndilo linalomhifadhi mvuvi Julai.

Mtoto wa dada yangu huyo huyo, mkubwa wao, alikwenda kusoma Ankara, Uturuki. Mama yake alimfungashia kwa mapenzi fulana sita za pamba, suruali mbili za jinzi na sweta la pamba. Mwezi wa Januari akanipigia simu: "Mjomba, nimevaa fulana tatu na bado natetemeka." Nikamuuliza anatetemeka saa ngapi. Akasema akiwa anapanda kilima kwenda kituo cha basi hana neno, tena hutoka jasho. Akisimama kusubiri basi ndipo baridi inapomwingia mgongoni. Nikajua. Fulana zile tatu zilikuwa zinakusanya jasho lake njiani, kisha zinamrejeshea likiwa baridi. Nilimwambia anunue fulana moja ya ndani ya poliesta nyembamba au, akijaaliwa, ya sufu laini, juu yake sweta la sufu au la manyoya ya poliesta, na juu ya yote koti la nailoni la kukinga upepo na theluji. Nguo tatu hizo zilimtosha kuliko mzigo wote wa mama yake. Hata wapanda Kilimanjaro huusiwa na waongozaji wao wasivae pamba karibu na ngozi.

Sufu, manyoya ya kondoo, isichanganywe na sufi ya mito yetu ya kulalia, ijapokuwa herufi moja tu ndiyo inayozitenga. Sufu ni ya ajabu: hubeba unyevu mwingi kuliko pamba, kiasi cha asilimia 16 ya uzito wake katika hewa ya kawaida, lakini nyuzi zake zina mikunjo ya asili isiyolala, kwa hivyo huendelea kupasha joto hata ikiwa na unyevunyevu, na hairushi harufu mbaya upesi. Kwa hivyo hata mpenzi wa vitu vya asili ana pa kushika akienda nchi za baridi. Anachotakiwa ni kuiacha pamba nyumbani. Tatizo la sufu ni bei, nondo wadogo wanaoila kabatini, na kuoshwa kwa maji ya moto, ambayo huirudisha ikawa ya mwanasesere.

Sikatai kwamba poliesta ina aibu zake. Hushika harufu ya kwapa hata baada ya kufuliwa, na kila ikifuliwa hupukutisha vinyuzi vya plastiki ambavyo mwisho wake ni baharini. Kubwa zaidi ni moto. Pamba nayo huwaka, tena kwa kasi, lakini poliesta huyeyuka na kugandamana na ngozi. Kwa hivyo akina mama wanaopika kwa kuni wakiwa wamejifunga buibui za poliesta nawasihi wazivue wajifunge kanga ya pamba, na mikono waikunje.

Ninaloliomba kupitia gazeti lako ni moja. Ukienda mitumbani Chake Chake, shati lililovaliwa na mtu wa Ulaya miaka kumi lina kitambulisho shingoni kinachosema ni pamba asilimia ngapi na poliesta asilimia ngapi, kwa sababu huko sheria inataka hivyo. Marekani walipitisha ya kwao mwaka 1958. Ukienda duka la vitambaa vipya, jora halina hata herufi moja, na unalazimika kutegemea kiapo cha muuzaji. Kwa nini nguo kuukuu ijieleze na mpya isijieleze? Naiomba Taasisi ya Viwango Zanzibar ilitazame hili, japo kwa kuanzia na vitambaa vya sare za skuli.

Kabla hayo hayajawa, mnunuzi achomoe nyuzi mbili tatu kwenye ncha ya jora, aziwashe kwa kiberiti juu ya kisahani. Pamba huwaka kwa harufu ya karatasi na kuacha majivu laini ya kijivu. Sufu hunuka nywele zilizoungua, na moto wake hujizimia. Poliesta hujikunyata kuukimbia moto, hutoa moshi mweusi, na huacha punje ngumu isiyovunjika kwa vidole. Ukisikia harufu ya karatasi na bado ukapata vipunje vigumu, basi ni tetroni, na ulipe bei ya tetroni. Tone la maji pia husaidia, maana pamba hulinywa na poliesta huliacha juu juu, ila kitambaa kipya kilichotiwa wanga kinaweza kukudanganya mpaka kifuliwe.

Skuli zitafunguliwa Januari, katikati ya kaskazi, na majora ya sare yameshaanza kushushwa bandarini. Kamati za skuli zinazotaka kujua zinanunua nini zinakaribishwa dukani kwangu na kipande cha kitambaa. Kiberiti na kisahani ninavyo, na sitoi bili.

Fundi cherehani,
Wete, Pemba