Barua kwa rafiki anayejiandaa kwa HSK daraja la nne

Jinhua, Zhejiang, China

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku Jinhua. Ni matumaini yangu kwamba hujambo wewe na wote nyumbani, na kwamba mama anaendelea vizuri na ule mguu. Mimi ni mzima wa afya, masomo yanakwenda, na baridi nimeshaizoea. Barua yako nimeipokea na nimeisoma zaidi ya mara moja, kwa sababu habari kwamba umefaulu daraja la tatu la HSK, ule mtihani wa kimataifa wa lugha ya Kichina, na sasa unataka kujiandikisha kwa daraja la nne imenipa furaha kubwa. Umeniomba nikueleze namna ya kujiandaa, nami sitaki kukujibu kwa mistari miwili ya kwenye simu. Jambo lenyewe linastahili barua.

Kwa mtaala wa zamani, ambao ndio ninaoueleza hapa, daraja la tatu lilikutaka ujue maneno 600, na la nne linataka 1,200. Wengi wakisikia hivyo hudhani kwamba tofauti iliyopo ni maneno 600 tu, na kwamba atakayeyakariri amemaliza kazi. Nawe umeniandikia kwamba umeichapisha orodha yote kwa mpangilio wa alfabeti ya pinyin, yaani Kichina kilichoandikwa kwa herufi za Kilatini, na kila usiku ukitoka Kariakoo unakariri fungu moja kabla ya kulala. Bidii hiyo naiheshimu kwa dhati, lakini nakusihi ubadili njia mapema, maana kinachosumbua zaidi katika daraja la nne ni sikio, na sikio halilishwi kwa orodha. Katika daraja la tatu kila swali la kusikiliza ulisikilizishwa mara mbili, ukapata nafasi ya kurudia ulichokikosa. Katika la nne sauti hupita mara moja tu, maswali ni 45 kwa muda wa dakika 30 hivi, na ukisimama kulitafakari neno moja lililokutatiza, mazungumzo mawili yanayofuata yatakuwa yamekwisha kabla hujazinduka.

Tena maswali yenyewe mara nyingi hayataji jibu waziwazi. Chukulia mazungumzo ya namna hii: mwanamume anauliza kwa nini bado hawajaitwa, na mwanamke anamjibu kwamba mvua ni kubwa mno, hangban, yaani safari ya ndege, imeahirishwa hadi saa tatu usiku, basi bora wakanywe kahawa kwanza. Swali linalofuata ni kwamba watu hawa wako wapi. Jibu ni jichang, uwanja wa ndege, neno ambalo hakuna hata mmoja wao aliyelitamka. Aliyekariri orodha atabaki analisubiri neno jichang lisikike, na kwa kuwa amesikia kahawa atachagua mgahawa. Aliyezoea kusikiliza kisa kizima atapata jibu kabla swali halijaisha. Ndiyo maana nakushauri usome majibu manne ya kila swali la kuchagua kabla sauti haijaanza, kwa sababu majibu hayo hukuambia mapema kama utaulizwa mahali, wakati, sababu au hali ya mtu, nalo sikio huenda likiwa limeshajua linatafuta nini.

Sisi tuliokulia katika Kiswahili tuna tatizo letu mahususi, na sijaona likielezwa vya kutosha katika vitabu ambavyo huandikwa kwa ajili ya wasomaji wa nchi nyingine. Silabi zetu karibu zote huishia na irabu, kwa hiyo sikio letu halijazoeshwa kutofautisha kinachosikika mwishoni mwa silabi. Mchina akisema chuan, yaani meli, na akisema chuang, yaani kitanda, kwa toni ileile ya pili, wengi wetu husikia kitu kimoja. Toni nazo tunaziharibu kwa namna yetu: tumezoea kuuliza swali kwa kupandisha sauti mwishoni, na tumezoea kutia mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, basi tunavibeba vyote viwili na kuvipeleka katika Kichina, ambako kupandisha sauti kunaweza kuligeuza neno lenyewe. Ukiuliza swali kwa ma, kile kineno cha kuulizia cha mwishoni mwa sentensi, iache ma ifanye kazi yake, nawe utulize sauti.

Dawa yake ninayoiamini ni imla. Chukua rekodi fupi ya mtihani wa mazoezi, sikiliza sentensi moja, isimamishe, andika ulichosikia kwa pinyin pamoja na toni, kisha linganisha na maandishi yake. Pale ulipokosea, usikimbilie sentensi inayofuata. Isikilize tena hiyohiyo, itamke pamoja na msemaji, kwa kasi yake na kwa pumzi yake, mpaka mdomo wako uache kuchelewa nyuma ya wake. Dakika 20 za kazi hiyo asubuhi zina faida kuliko saa mbili za kukariri usiku ukiwa umechoka na kazi za dukani. Na maneno yale 1,200 utayakuta humohumo, kila moja likiwa limevaa sentensi yake, ambayo ndiyo itakayokusaidia katika kusoma na kuandika.

Katika sehemu ya kusoma, kuna maswali kumi ambayo hukupa vipande vitatu vya sentensi vilivyochanganywa, A, B na C, nawe unatakiwa uvipange. Usivisome kwa mfuatano uliopewa. Angalia kwanza kipande kipi hakiwezi kusimama mwanzoni. Tuseme A inaanza na suoyi, kwamba kwa hiyo tumelazimika kwenda kesho. B inaanza na keshi, lakini mvua ikanyesha sana. Na C inasema yuanlai dasuan, kwamba hapo awali tulipanga kupanda mlima leo mchana. Suoyi inataka sababu itangulie, keshi inataka kitu cha kupingwa, kwa hiyo C ndiyo inayofungua, B inafuata na A inamaliza. Ukishazoea viunganishi hivi, pamoja na jozi kama suiran na danshi (ingawa, lakini) au budan na erqie (si tu, bali pia), maswali hayo utayamaliza upesi na kuokoa dakika kwa ajili ya vifungu virefu. Dakika 40 kwa maswali 40 si nyingi kama zinavyoonekana.

Sehemu ya kuandika ndiyo ambayo watahiniwa wengi huiacha mpaka wiki ya mwisho, na kwa maoni yangu ni hasara kubwa. Kila sehemu kati ya tatu za mtihani, yaani kusikiliza, kusoma na kuandika, ina alama 100. Sehemu ya kusikiliza inazigawa alama hizo kwa maswali 45, ilhali ya kuandika ina maswali 15 tu, kwa hiyo kwa wastani swali moja la kuandika hubeba karibu alama saba. Maswali kumi ya kwanza ni ya kupanga maneno yaliyotawanywa yawe sentensi, na hapo Kiswahili chetu kinaweza kutuponza. Sisi husema nafanya kazi Dar es Salaam. Mchina hutanguliza mahali kabla ya kitendo, wo zai Dar es Salaam gongzuo. Sisi huanza na nguo ndipo tuseme niliyoinunua jana. Yeye huyapanga maelezo yote mbele, akayafunga kwa kiungo de, ndipo alitaje jina. Ukiona de katika maneno uliyopewa, tafuta kwanza jina linalopaswa kuifuata na maelezo yanayopaswa kuitangulia, nayo sentensi itaanza kujijenga. Zoezi la kila siku la kuzigeuza sentensi zako za Kiswahili kwa mpangilio huo litakusaidia hata utakapokutana na sentensi za ba, ambazo hukileta mbele kitu kinachotendewa.

Maswali matano ya mwisho hukupa picha na neno moja, nawe unatunga sentensi. Ukipewa picha ya msichana anayepiga miayo pamoja na neno kun, usingizi, unaweza kuandika ta hen kun na sentensi ikawa sahihi. Lakini sentensi fupi kiasi hicho haionyeshi unachokijua. Andika kwamba jana hakulala vizuri, kwa hiyo sasa ana usingizi sana: ta zuotian mei shuihao, suoyi xianzai hen kun. Usijaribu mapambo ambayo huna hakika nayo. Sababu moja na tokeo moja vinatosha.

Umenieleza kwamba lengo lako ni kuwa mkalimani wa wafanyabiashara wa Kariakoo wanaokuja kununua bidhaa huku. Basi daraja hili ndilo lako. Yiwu iko jirani na hapa Jinhua, na katika Soko la Kimataifa la Yiwu maneno ninayoyasikia kila ninapokwenda yamo katika orodha yako ileile: zhiliang kwa ubora, jiage kwa bei, dazhe kwa kupunguza bei. Yapange maneno yako kwa mambo ya namna hiyo, ya soko, ya safari, ya hospitali, ya ofisini, uache alfabeti. Neno lililokaa pamoja na majirani zake hukumbukwa, tena hukumbukwa wakati mteja amesimama mbele yako na muuzaji anasubiri jibu.

Kuhusu taratibu, nina machache. Alama za kufaulu ni 180 kati ya 300, lakini ikiwa baadaye utaomba nafasi ya kusoma China, jitahidi upite hapo kwa mbali, na ukumbuke kwamba kwa maombi hayo matokeo hutumika kwa miaka miwili. Kituo chako kikikupa hiari, chagua mtihani wa kompyuta, kwa sababu katika kuandika utachapa pinyin na kuchagua herufi badala ya kuzichora kwa mkono. Ila jizoeze kuchapa kabla ya siku yenyewe. Kama utafanya wa karatasi, jua kwamba baada ya kusikiliza hupewa dakika tano za kuhamishia majibu kwenye karatasi ya majibu, lakini katika kusoma na kuandika muda huo haupo, kwa hiyo jaza majibu moja kwa moja kwenye karatasi hiyo. Viwango vipya vyenye madaraja tisa vilianza kutumika tarehe 1 Julai 2021, na watu wamekuwa wakichanganya vitabu vya mtaala wa zamani na wa mpya. Kabla hujanunua kitabu kingine chochote, muulize mwalimu wako pale Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni mtaala upi utakaotumika katika mtihani wako.

Fikiria pia HSKK ya kiwango cha kati, ambayo ni mtihani wa kuzungumza. Humo utarudia sentensi kumi unazozisikia, utaeleza picha mbili na kujibu maswali mawili. Kwa mkalimani, cheti hicho kina maana kubwa, na ile kazi ya imla na kutamka niliyokueleza ndiyo maandalizi yake, kwa hiyo hutakuwa umeongeza mzigo mwingine.

Nirekodie sentensi kumi kila Jumamosi na unitumie. Nitakurudishia masahihisho Jumapili jioni, hasa ya toni na ya zile n na ng za mwishoni. Anza na vifungu vya kusikiliza vya mtihani wa mazoezi ulio nao. Unijulishe pia tarehe ya kufungwa kwa usajili, na kama umechagua kompyuta au karatasi, ili nijue mazoezi yapi nikutumie kwanza. Nisalimie mama na wote nyumbani.

Ni mimi rafiki yako.