Barua ya wazi kwa wenzangu wa kliniki ya presha: kijue kidonge unachokimeza

Wanangu, wadogo zangu na wazee wenzangu,

Nawasalimu kwa salamu ya kila mmoja na dini yake. Naandika nikiwa na uchungu, na sioni sababu ya kuuficha. Kazi yangu ilikuwa uuguzi mpaka nilipostaafu, na sasa nina kadi ya presha kama ninyi. Nakaa kwenye benchi lile lile na kusubiri kuitwa kama ninyi.

Kliniki iliyopita mlango wa daktari ulikuwa wazi. Baba mmoja, mtu mzima anayeheshimika mtaani, aliulizwa anatumia dawa gani. Akajibu, "Kile cheupe, kidogo, cha duara." Daktari akamwuliza jina la dawa hiyo. Akasema, "Majina mnayajua ninyi wenyewe." Benchi zima likacheka. Wakati huo huo dada mmoja pembeni yangu alikuwa anakata kipande cha pakiti yake ya vidonge anampa mwenzake aliyeishiwa, wala hakumwuliza yeye ameandikiwa nini. Jioni nikapita kumjulia hali jirani yangu, kijana ambaye hajafika hata miaka 50. Mkono wa kulia hauinuki, mdomo umekwenda upande, maneno hayatoki. Mkewe ananiambia dawa aliziacha mwezi wa tatu kwa sababu alipimwa akaambiwa presha iko sawa.

Ilikuwa sawa kwa sababu ya dawa! Hilo nimelisema wodini, nimelisema misibani, nalisema tena leo. Presha ya kupanda ya aina tuliyo nayo wengi wetu haiponi kwa kumeza vidonge miezi sita. Inadhibitiwa. Dawa inashikilia mlango usifunguliwe na upepo. Ukiuachia, upepo haujaenda popote. Na ubaya ni kwamba presha haipandi siku hiyo hiyo. Amlodipini, ambayo wengi wenu mnaitumia, hutoka mwilini polepole. Unaiacha Jumatatu, unapimwa Jumatano duka la dawa, namba bado nzuri, unasema, "Mnaona? Nimepona." Baada ya wiki mbili namba imepanda na wewe hupimi tena, kwa kuwa umeshajitangaza mzima. Kichwa hakiumi, macho yanaona, unalima, unacheza ngoma. Presha hupanda kimya kimya, na wengi hawapati dalili yoyote mpaka mshipa wa kichwani upasuke au uzibe.

Kwa sababu hiyo hiyo, acheni huu mtindo wa kumeza kidonge usiku wa kuamkia kliniki ili daktari asiwagombeze. Amlodipini huhitaji takriban wiki nzima ya kumezwa kila siku ndipo ifikie nguvu yake kamili. Kidonge cha usiku mmoja hakimdanganyi daktari, kinakudanganya wewe. Wengine mnafanya kinyume chake: mmesikia mje bila kula kwa ajili ya kipimo cha damu, basi mnaacha na dawa. Presha inasoma 170 kwa 100, daktari anaona dawa haikutoshi, anakuongezea ya pili. Mkiambiwa msile, ulizeni hapo hapo habari ya dawa. Dawa ya presha kwa kawaida humezwa na maji asubuhi hiyo hiyo.

Sasa nirudi kwenye jina la dawa, maana hapa ndipo roho inaponiuma zaidi.

Mtu anajua jina la kocha wa timu yake, anajua majina ya wachezaji wa akiba, anajua jina la kila mwigizaji wa kwenye televisheni. Dawa anayoitia tumboni kila siku ya Mungu anaijua kwa rangi! Rangi haina maana yoyote. Viwanda vinavyotengeneza amlodipini ni vingi, India, Kenya na kwingineko, na kila kimoja kina umbo lake na rangi yake. Mwezi huu kidonge ni cheupe, mwezi ujao cha njano, na dawa ni ile ile. Tena kidonge cheupe kidogo cha duara kinaweza kuwa cha kisukari, kinaweza kuwa cha moyo, kinaweza kuwa cha mzio.

Nilipokuwa bado kazini aliletwa mama mmoja, miguu imevimba, viatu haviingii. Nyumbani walishasema ni figo, na shangazi mmoja akasema ametegewa kitu njiani akakikanyaga. Nikamwambia amwage dawa zake zote mezani. Akafungua mfuko wa rambo, zikatoka pakiti mbili. Moja ina jina limeandikwa kwa herufi kubwa za buluu, nyingine jina jingine kabisa kwa herufi nyekundu. Moja alipewa hospitali, nyingine alinunuliwa na mwanawe mjini. Akawa anameza zote mbili kila asubuhi, akidhani ni dawa mbili. Nikavaa miwani, nikageuza pakiti upande wa karatasi ya fedha. Chini ya jina kubwa, kwa herufi ndogo, zote mbili: amlodipini, miligramu 10. Kiwango cha mwisho cha dawa ile kwa siku ni hizo hizo miligramu 10. Mama wa watu alikuwa anameza 20, na kuvimba miguu ni moja ya madhara yake yanayojulikana sana.

Basi shikeni hili: jina kubwa ni la biashara ya kiwanda, jina dogo ndilo la dawa yenyewe. Hilo dogo ndilo la kuandika kwenye kadi, pamoja na miligramu zake. Asiyejua kusoma hana kosa lolote, ana watoto na wajukuu wanaosoma. Mwite mjukuu, akusomee, mkariri wote wawili.

Ukilijua jina utaijua na kazi yake na maudhi yake, wala hutakimbia dawa kwa jambo linalorekebishika. Amlodipini hulegeza mishipa ya damu, ndiyo maana miguu huweza kuvimba. Haidroklorothiazidi hutoa maji na chumvi kupitia mkojo, kwa hiyo imeze asubuhi, la sivyo utaamka usiku kucha kwenda chooni kisha uilaumu. Enalaprili na kaptoprili huweza kuleta kikohozi kikavu kisichoisha. Nimewaona watu wakipewa dawa za kuua vijidudu mara tatu, wakipimwa kifua kikuu, kumbe kikohozi kinatoka kwenye kidonge cha presha ambacho hakuna aliyetaja jina lake. Daktari akikijua anakubadilishia, mara nyingi kwa losartani, na kikohozi kinakwisha. Atenololi usiikate ghafla hata siku moja. Moyo hushtuka, na mwenye ugonjwa wa moyo anaweza kupoteza maisha.

Akina baba, nasema nanyi bila kupindapinda, maana mimi ni mama yenu na nimewavalisha wengi wenu nepi. Najua kwa nini mnaacha dawa. Mkiona nguvu za chumbani zimepungua mnanyamaza, mnatupa vidonge chooni, mnakimbilia dawa za kuuzwa vichochoroni. Ni kweli baadhi ya dawa za presha huweza kuleta hilo. Ni kweli vilevile kwamba presha yenyewe isiyotibiwa huharibu mishipa na kuleta hilo hilo. Mwambieni daktari. Dawa za presha ni za aina nyingi, ipo itakayokufaa. Ukimwonea haya daktari leo, kesho utageuzwa kitandani na mkeo kama mtoto mchanga.

Mengine nayataja tu, mnayajua. Ukisahau dozi ya jana, usimeze mbili leo. Usigawane dawa na jirani, hata kama mnapendana. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku kwa chakula chote, na ng'onda wamo humo. Anayetaka kushika mimba, au aliyeshika, awahi kliniki mara moja, kwani losartani na enalaprili humdhuru mtoto tumboni na zipo dawa nyingine za presha kwa wajawazito. Ramadhani dawa haziachwi, zinapangwa: mwone daktari kabla ya mwezi kuandama, akupangie futari au daku. Diklofenaki ya kununua kila mgongo unapouma inapandisha presha na kuumiza figo. Mwambie muuza dawa kwamba una presha kabla hajakupa cha maumivu.

Lakini nisiwaelemee ninyi peke yenu. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2003 kwamba hata katika nchi tajiri ni kama nusu tu ya wenye magonjwa ya muda mrefu wanaofuata dawa zao sawasawa. Mwaka 2023 likasema kati ya watu watano wenye presha duniani, ni kama mmoja tu ambaye presha yake imedhibitiwa. Kwa hiyo aibu hii si ya kijiji chetu tu. Wala hasira yangu haiwahusu wagonjwa peke yao.

Nina hasira na dirisha la dawa. Mzee wa miaka 70 anasogea, anasukumiwa vidonge kwenye bahasha iliyoandikwa "1x1" na hakuna jina, anaambiwa "kutwa mara moja, mwingine!" Huyo atajuaje anachomeza? Wadogo zangu mlioko kazini, najua foleni ni ndefu na mko wachache. Nimekaa hapo, najua. Kuandika jina la dawa juu ya bahasha ni sekunde chache. Andikeni.

Nina hasira na wanaotangaza kwenye redio na simu za watu kwamba wana dawa ya kumaliza presha kabisa kwa siku 21. Mwaka 2011 tuliona magari yamepanga foleni kwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba cha shilingi 500 kilichosemwa kinatibu presha, kisukari na ukimwi, na wako walioacha dawa zao kwa imani hiyo. Bado hatujakoma. Sina ugomvi na rozela wala kitunguu saumu, tumieni. Ugomvi wangu ni na anayekwambia uvitumie uache kidonge.

Na nina hasira na sisi wenyewe, jamii. Bibi akipungukiwa na dawa mwezi mzima, watoto wana shida mjini. Akifa kwa kiharusi, zinapatikana fedha za turubai, za basi na za kupika sahani kwa mamia ya watu. Harusi ina kamati, ina mweka hazina, ina kadi za michango. Dawa ya mama yako haina kamati. Mpigie simu leo, usimwulize tu, "Mama hujambo?" Mwulize, "Mama, vidonge vimebaki vingapi?" Na wale mnaomeza siku moja na kuruka siku mbili ili vifike mwisho wa mwezi, siwagombezi, nawalilia. Msimfiche daktari. Mwambieni hela haitoshi, awaandikie iliyo ya bei nafuu, maana zipo nzuri za bei nafuu.

Kliniki ijayo njooni na kila mnachokimeza nyumbani, cha hospitali, cha dukani na cha mizizi, kwenye mfuko mmoja. Nitakuwa benchi la kwanza karibu na dirisha la dawa kuanzia saa 2 asubuhi, nina kalamu na miwani. Tutasoma jina dogo pamoja, tutaliandika nyuma ya kadi na miligramu zake, kisha utalitaja mwenyewe ukiingia kwa daktari. Asiyeona vizuri aje na mjukuu. Na asubuhi hiyo, meza dawa yako kabla ya kutoka nyumbani.

Wasalaam,
Mama yenu, muuguzi mstaafu
Tanga